Makofi ya Shangazi Nyembezi

Mkoba, Gweru,
9 Juni 2024.

Mpendwa kaka yangu Farirai, Mhofu wangu,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya Juni, ambayo mwaka huu imekuja na meno. Hujambo wewe? Mkeo hajambo? Na mgongo wako, bado unakusumbua ukipanda ngazi za hapo Leeds? Sisi ni wazima. Goti langu linanilalamikia kila asubuhi, nami nalilalamikia, tunaendelea kuishi pamoja hivyo hivyo.

Tangu uliponipigia simu kwamba binti yako Vimbai amepata mchumba, furaha yangu ina mwiba ndani yake. Ulicheka ukasema, "Dada, shangazi sasa ni wewe. Sifa za ukoo tutazisikia kutoka kwako." Ulisema kwa mzaha, lakini mimi nikaanza hapo hapo kuhesabu mistari ninayoikumbuka. Katika nyumba ya baba yetu hakuna binti aliyewahi kuondoka bila shangazi yake kumtamkia sifa zote za ukoo wetu wa Mhofu, na aliyezijua zote alikuwa Shangazi Nyembezi, ambaye tulimzika mwaka jana. Mimi nazijua mpaka pale mababu wanapovuka mto Save. Hapo ulimi unaniganda. Nitamkabidhije mtoto kwa watu na sifa nusu?

Ndipo nikaikumbuka ile DVD ya harusi ya mdogo wetu Sekai, kule Buhera. Unaikumbuka siku ile, kaka? Ulikuwa umekuja likizo, umevaa koti la kuazima lililokubana kwapani, na mbuzi wa mchuzi akakata kamba akakimbilia kanisani. Vimbai alikuwa mdogo, amelala juu ya magunia ya mahindi na kipande cha keki mkononi. Ua wetu ulijaa watu waliojuana kwa majina mpaka ya babu zao. Siku hizi nikifika pale naona nyasi tu, na roho inaniuma.

Kila nyumba ilipewa nakala. Yako ilipotea ulipohama. Ya Sekai, usicheke, mumewe ameitundika shambani kwenye mtama kufukuza ndege, na anasema inafanya kazi kuliko mbwa. Imebaki yangu peke yake, na hiyo nayo wajukuu wameichezea mpaka ina mikwaruzo kama kisigino changu. Mashine yetu ya kuichezesha ilikufa zamani. Nikaifunga kwenye kitambaa nikampelekea Lovejoy, yule mzee wa ukoo wa Soko, watu wa nyani, anayechapa vitabu vya mazishi hapa mjini, maana kompyuta yake bado ina tundu la kuingizia diski.

Kumbe kunakili DVD si jambo la kubonyeza mara moja, kuna programu chungu nzima na kila moja ina tabia yake. Lovejoy alianza na ile anayoipenda kwa kuwa ni ya haraka. Nilimkuta anatabasamu, kazi imekwisha. Tukatazama. Kanisa lipo, keki ipo, koti lako lipo. Shangazi akatokea na raba zake nyeupe, akafungua mdomo, na hapo hapo mpiga picha akamwagia wimbo juu yake. Midomo inacheza, sauti hakuna. Nililia mbele ya wateja wa watu.

Lakini nilipojifuta nikaona kuna kitu kimepungua. Zamani ukiiweka ile DVD, kwanza ulitokea ukurasa wenye vyumba vya kuchagua: Kanisani, Chakula, Dansi, na cha mwisho kabisa, Makofi. Katika nakala ya Lovejoy ukurasa huo haukuwepo.

"Lovejoy, vyumba viko wapi?"

"Programu hii inachukua filamu kubwa tu, Chihera, binti wa Mhofu. Vile vipande vidogo ni takataka, vinajaza nafasi bure."

"Na Makofi je?"

"Makofi ni makofi! Watu wanashangilia keki. Nyinyi akina Chihera mkishika jambo, hata mauti hayawaachishi."

"Na nyinyi nyani mkiona tawi mnarukia kabla ya kulitazama. Kwetu makofi yanapigwa kwa ajili ya keki tangu lini?"

Akavitazama viganja vyake, maana naye ni mtu mzima na anajua kwetu makofi hutangulia sifa za ukoo. Mpiga picha alikuwa kijana wa Harare, aliona wanawake wamepiga magoti wakigonganisha viganja, akaandika alichokiona. Hakujua kwamba makofi ni mlango tu, na kinachofuata ndicho chenyewe. Nasi miaka yote tulikipita chumba kile bila kukifungua.

Basi tukaanza upya. Programu ya pili aliyoijaribu ilibana kila kitu mpaka nyuso zikawa uji. Ya tatu ilikuwa ya majaribio, ikaandika jina lake kubwa juu ya paji la uso la bwana arusi. Mwisho nikamwambia, tafuta inayonakili diski nzima kama ilivyo, hata uchafu wake, na haraka nakuachia wewe. Aliipata. Ilitambaa kama konokono, ikifika kwenye mkwaruzo inarudi kusoma tena na tena, umeme ukakatika, tukarudia kesho yake. Lakini ilimaliza, na vyumba vyote vikawepo.

Kaka, ni yeye. Hakuna wimbo juu yake. Yuko nyuma ya jiko, Sekai amepiga magoti mbele yake, makofi yanalia, na sifa zinatoka moja baada ya nyingine. Akafika mto Save, akakwama. Pale pale ninapokwama mimi! Wanawake wakaguna. Ndipo sauti ikatoka kwenye masufuria, ya chini, ikamalizia mstari wote bila kusita, halafu ikacheka: "Loo! Ukoo ni wenu, kusahau msahau nyinyi, kukumbuka nikumbuke mimi niliyeolewa?"

Ni mama, Farirai. Haonekani, ni mkono wake tu na mwiko na mvuke. Unajua alivyozikimbia kamera, na tangu afariki sikuwahi kudhani nitaisikia tena sauti ile. Zile sifa alikuwa akimpa baba kila asubuhi pamoja na uji, sisi tukidhani ni maneno ya uji.

Nakala yako inakuja na Mai Chenai, jirani yangu, anayesafiri kuja huko mwisho wa mwezi. Tafadhali usiibane ili ienee kwenye simu. Nisalimie mkeo, na Vimbai mwambie shangazi yake anafanya mazoezi mbele ya kuku. Sekai na mumewe wanakusalimu, Lovejoy pia. Mungu na waliotutangulia wakulinde huko ugenini.

Siku hiyo nitasema mpaka mto Save, kisha nitanyamaza kidogo. Usije ukanisaidia. Maneno sasa nayajua yote, nitakuwa nampisha mama.

Wako wa tumbo moja, akupendaye,
Chihera wako, Ratidzo.