Bi Mei Aliposema Hajambo

Mjukuu wangu Rehema,

Salamu kutoka Cedar Hill. Babu yako magoti yanamsumbua, ila anakula. Mamako yuko zamu hospitalini.

Umeniuliza kwa nini wazee wa Kichina mnaowahoji katika utafiti wenu huko Houston wote husema hawajambo. Ujanani nilimtunza mmoja, mjane aitwaye Bi Mei, hapo hapo Houston, mtaa wa Gulfton. Siku moja alikuja binti mmoja mtafiti, kama wewe, kumuuliza kama ana raha. Bi Mei akamtazama mwanawe aliyekuwa akitafsiri, akajibu, "Mwanangu ana kazi nzuri. Wajukuu wanasoma."

"Na wewe mwenyewe?"

"Wakiwa wazima wao, mimi mzima."

Walipoondoka, nilimkuta jikoni akilia. Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza akaniambia wajukuu hawajui Kichina, na yeye hawezi hata kuwasimulia habari za mama yake. Akanisihi nisimwambie mwanawe. Nikakaa naye, tukachambua mboga.

Alipofariki, mwanawe aliniambia makaburini, "Angalau Mama aliishi kwa raha." Nikampa mkono wa pole.

Ukiwauliza, mwanangu, usiharakishe kuondoka.

Na ahsante kwa kuniandikia kwa Kiswahili. Nimeisoma barua yako kwa sauti, peke yangu.

Bibi yako