Koti la Harusi kwenye Msumari wa Mjane

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu za Kwaresima kutoka Rangwe. Naandika nikiwa nimefunga, tumbo halina kitu na moyo umejaa, na naomba unijibu kabla ya Ijumaa ile inayotangulia Jumapili ya Matawi, kwa sababu siku hiyo jumuiya yetu itasali Njia ya Msalaba nyumbani kwangu na nimeshapanga jambo ambalo nikishalifanya halitarudishwa.

Mimi ni mama wa watoto watatu, Mkuria wa upande wa Kehancha, nimeolewa na Mjaluo mwaka wa kumi na nne sasa, ndoa ya kanisa. Mume wangu Elijah ni fundi cherehani hapa sokoni na kwao ni Sori, kule ziwani. Novemba iliyopita ndugu yake Levis alifariki baada ya kuugua mwaka mzima, akakonda mpaka suruali alizoshonewa na mume wangu zikawa kama za mtu mwingine, ugonjwa hakuna aliyeutaja wala asiyeujua, akaacha mke anayeitwa Benta na watoto wanne. Tulikwenda kuzika, mimi nikarudi siku ya nne kwa ajili ya shule ya watoto, Elijah akabaki hadi siku ya tisa, na hizo siku tano mimi huzihesabu hata nikiwa nimeshika rozari.

Januari baba yake mdogo, mzee Oliver, alifika kwetu, mimi nikiwa jikoni, na kati ya jikoni na sebule yetu kuna bati moja tu, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Nyumba ya ndugu yako haina mtu," mzee alisema. "Mvua inakuja na huyo mama hawezi kupanda mbegu kabla nyumba haijapata mwenyewe. Unangoja nini?"

"Baba, mimi ni mtu wa kanisa."

"Hata kanisa inakula mahindi."

Wakacheka wote wawili, na mshauri, kicheko hicho cha mume wangu ndicho kilichoniamsha, kwa sababu mtu anayekataa hacheki. Tangu siku ile nikawa namtuma binti yetu Dorine, ana miaka kumi na miwili, apekue mifuko ya baba yake anapooga, lakini haleti kitu ila chaki ya kuchorea nguo na bobini ya cherehani.

Ikafika Jumatano ya Majivu. Tulitoka kanisani na majivu yetu usoni, tukaketi mezani kupanga Kwaresima ya familia kama padre alivyofundisha, rozari kila jioni, hakuna nyama Jumatano na Ijumaa, na kila mtu aandike kwenye karatasi jambo lake na Mungu, atakaloacha au atakalofanya, mwingine asilijue. Tulizitia karatasi kwenye kopo tupu la mafuta ya Kimbo, Elijah akalifunika kwa kitambaa na kukishona kuzunguka mdomo wa kopo kwa mkono wake, tukakubaliana litafunguliwa Pasaka. Jioni hiyohiyo akatandika mkeka sebuleni, akasema atalala hapo mpaka Pasaka kwa ajili ya mfungo. Hakuniuliza, aliniambia tu.

Jumamosi asubuhi alivaa koti la kijivu lenye bitana nyekundu, lile alilojishonea la harusi yetu, akasema anaenda Sori kuona wazee. Alirudi kabla ya giza akiwa na shati tu, ameloa mvua. Nikamuuliza koti liko wapi, akasema, "Nimelitoa. Ni sadaka yangu ya Kwaresima." Sadaka haiulizwi.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Priscah, mama anayeleta dagaa wa omena kutoka Sori kuuza hapa, na mbele ya wateja wake wote akaniita.

"Mama Dorine! Ile koti ya harusi ya Baba Dorine, si iko Sori? Nimeiona kwa macho yangu. Imetundikwa kwa msumari kwa Benta, imepigwa pasi, imelala vizuri kuliko wewe."

Wanawake wakacheka. Nikamwambia labda ni koti linalofanana na lile.

"Koti gani ya kufanana ina bitana nyekundu? Sikia, mwenzangu, wewe si wa huku. Koti ya mwanaume ikikaa kwa mjane, hiyo nyumba imepata mtu. Usiulize tena." Kisha akanipa mbuta mkavu aliyefungwa kwa gazeti. "Na huyu ni wako, ametumwa na Benta. Anasema, ambia Mama Dorine asante kwa koti, sasa nitapanda."

Mshauri, mwanamke achukue mume wako kisha akutumie samaki na salamu! Yule mbuta nilimpa mbwa, watoto nikawaambia siku hiyo tunafunga.

Baada ya hapo sikulala. Juzi Elijah akiwa kazini nilifumua kile kitambaa cha kopo na kusoma karatasi zote. Yangu niliandika kuacha sukari kwenye chai. Wadogo wameandika kutopigana. Dorine ameandika, "Kuacha kupekua mifuko ya baba hata mama akinituma," hayo ni mambo ya mtoto, ingawa ni kweli siku hizi nikimtuma analia. Ya mume wangu ilikuwa na maneno manne tu: "Sori. Kuvumilia hadi Pasaka." Sasa anavumilia nini hadi Pasaka kama si kungoja mfungo uishe ahamie kwa yule mwanamke? Nilizirudisha karatasi na kushona kitambaa vizuri, hakuna atakayejua. Lakini tangu siku hiyo Elijah ananitazama muda mrefu bila kusema kitu, na hayo si macho ya mtu asiye na hatia.

Nimepanga hivi. Ijumaa hiyo, jumuiya ikiwa imejaa nyumbani, na katekista akiwepo, nitaleta kopo, nilifungue, nisome karatasi yake kwa sauti na aeleze mbele ya msalaba Sori kuna nini. Au niende Sori nilichome hilo koti. Niambie lipi ni bora.

Rispa,
Rangwe, 8 Machi 1996

JIBU

Rispa,

Hakuna lililo bora kati ya hayo mawili. Kopo likae lilipo, na kiberiti pia.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitenga uliyoyaona, uliyoyasikia na uliyoyawaza. Uliyoyaona wewe mwenyewe ni machache: mkeka sebuleni, shati lililoloa, na karatasi yenye maneno manne. Koti hukuliona, aliliona Priscah. Benta hujazungumza naye tangu mazishi. Yaliyobaki umeyashona mwenyewe, na katika nyumba yenu fundi si wewe.

Tuanze na hilo la kushona. Mumeo anaishi kwa sindano. Ulifumua mshono wake ukaweka wako, halafu unaniambia hakuna atakayejua? Alijua siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo sababu anakutazama muda mrefu. Unayasoma macho yake kama ya mwenye hatia, kumbe huenda ni ya mtu anayemtazama aliyevunja ahadi na kungoja aseme. Amengoja tangu siku hiyo.

Sasa koti. Priscah amekupa nusu ya habari, na ni ile nusu inayochekesha sokoni. Ni kweli kwamba huko ziwani koti la mwanamume kwenye nyumba ya mjane ni ishara kwamba nyumba imepata mtu, na kwa desturi ya zamani mwenye koti hulifuata koti lake. Lakini miaka hii, kwa sababu ya makanisa na kwa sababu ya makaburi, ziko familia ambazo wazee wamekubali koti liende peke yake. Linatundikwa mchana, watu wanaona, ukoo unaridhika, mjane anaruhusiwa kupanda, na hakuna anayelala humo. Mapadre wengine hawalipendi na wazee wengine wanaliita ujanja, lakini lipo.

Ukishajua hilo, rudia barua yako mwenyewe. Mzee Oliver alisema mjane hawezi kupanda mbegu. Elijah akaenda asubuhi, akarudi kabla ya giza bila koti. Benta akasema asante kwa koti, sasa nitapanda. Mama wa watoto wanne alikuwa anakuambia kwamba mwaka huu watakula mahindi yao, nawe ukasikia matusi. Sijawahi kuona mwizi akimtumia mwenye mali samaki na shukrani kupitia soko zima. Tena alikutumia samaki Kwaresima, siku ambazo nyama hamli, nawe ukampa mbwa na watoto wakalala njaa kwa jina la Mungu. Hiyo haikuwa funga, Rispa. Usiiweke kwenye hesabu ya mfungo wako.

Na kile kicheko cha Januari hakithibitishi kitu. Mtu hamwambii baba yake mdogo "hapana" akiwa amekunja uso. Anacheka kwanza, kisha anatafuta njia.

Hata hivyo sikusafishii mume. Mimi sijui kama Elijah amelala kwa Benta, wewe hujui, na Priscah ndiye hajui kabisa. Zile siku tano za Novemba zipo, na barua yako haina kitu cha kuzijaza. Alihamia mkekani Jumatano, koti likaenda Jumamosi. Inawezekana ni mfungo, inawezekana anakukinga na jambo analoliogopa. Kwa vyovyote amekosea. Katekista aliyewafunza ndoa aliwaeleza kwamba mume na mke wakitaka kuacha kitanda ili wasali, wanakubaliana wote wawili na wanaweka siku ya kurudi. Yeye amekutangazia kama mwenye nyumba anayepandisha kodi. Na kusema "ni sadaka" bila kutaja imekwenda kwa nani ni kujificha nyuma ya neno zuri. Alitaka kumaliza jambo la ukoo bila wewe kujua, akidhani Mkuria hataelewa, na ukimya wake ndio uliofungua duka la Priscah.

Fanya hivi, na fanya kabla ya Ijumaa hiyo.

Kwanza zungumza na Dorine. Mwambie ulilifungua kopo, uliisoma karatasi yake, na hutamtuma tena mifukoni. Unasema hayo ni mambo ya mtoto. Mtoto wako alitoka kanisani na majivu usoni, akatafuta dhambi ya kuacha, na dhambi aliyoipata ni ile aliyotumwa na mama yake. Kisha kila ulipomtuma tena ulimlazimisha achague kati ya amri yako na ahadi yake kwa Mungu. Ndiyo maana analia. Muombe radhi, tena kwa maneno mafupi, usimpe mzigo mwingine wa kukufariji.

Siku hiyohiyo nenda kwenye cherehani ya mumeo mchana, wakati wa chakula, ukae kwenye kiti cha wateja. Anza na kosa lako: "Nilifumua kopo." Usiongeze maelezo. Halafu muulize wazi: koti lilikwenda kwa makubaliano gani, na Novemba ulilala wapi baada ya mimi kuondoka. Akijibu, sikiliza mpaka mwisho. Akinyamaza, usijaze ukimya wake kwa hadithi yako. Mwambie utangoja, na ungoje kweli.

Jibu lolote atakalotoa, hata likiwa tamu namna gani, nendeni wote wawili hospitali mkapimwe damu kabla ya mkeka kukunjwa. Usione haya, na usikubali aseme kupima ni kumdharau. Levis amezikwa, na hakuna anayelazimika kumfuata kwa sababu ya adabu. Akikataa kupima, hapo mashaka yako yatakuwa na kazi ya kufanya: usirudi kitandani, na umwone padre, wewe peke yako, si jumuiya nzima.

Njia ya Msalaba isalini kama ilivyopangwa. Vituo ni kumi na vinne. Usiongeze cha kumi na tano cha kumsulubisha mume wako mbele ya majirani, maana hao watakuwa kwa Priscah kesho yake asubuhi, na ikibainika ulikosea hakuna katekista atakayewakusanya tena wote awaambie.

Baada ya Pasaka nenda Sori na Elijah. Msalimie Benta, uone huo msumari kwa macho yako badala ya kuazima ya mwingine, lakini mbegu mtumie sasa. Mvua za Machi hazingoji watu wapatane.

Kopo lifungueni Pasaka kama mlivyoahidi, lakini kabla ya hapo mpe Elijah alishone upya mbele ya watoto wote. Atakapokuwa anatia uzi kwenye sindano, toa ile karatasi yako ya sukari uandike nyingine. Ukikosa cha kuandika, nakili ya Dorine.