Gramu mia mbili za ziada

Ratri, leo nimeaibika mbele ya maabara nzima! Nzima!

Ile ndege yetu isiyo na rubani, tumeipima ikazidi hesabu za Galih, mwenzangu wa maabara, kwa gramu mia mbili. Tukaining'iniza kwa nyuzi mbili, tujue kwa inavyobembea uzito umekaaje ndani. Bado hailingani na hesabu zake.

Nikamwambia Galih, mkuu wetu Pak Hendarto anasikia: "Kaka, hesabu zako mbovu. Hii itaanguka."

Galih akaanza kuzipitia upya.

Mara tumbo la ndege likaanza kuita. Simu yangu, Ratri! Nilikuwa namulikia ndani, nikaisahau, nikafunga skrubu!

Galih akafungua, akapokea yeye: "Mama, Wening yupo, ila simu yake imepanda ndege."

Mama akapiga kelele: "Ndege ya kwenda wapi, na hajaniaga?"

Tumepima upya. Galih yuko sahihi kabisa, nimemwomba radhi, kacheka tu. Mama ndiye hajanisamehe 😂