Menza Amefika Kanada kwa Masaa Saba

Shoga uko wapi?? Acha unachofanya usome hapa.

Menza, yule tuliyemuombea leo alfajiri akaenda Kanada, amepiga simu saa saba mchana. ETI AMEFIKA! Na hapa mtaani kwetu Shika Adabu ametoka saa kumi na mbili asubuhi!

Mama yake kwa furaha akaiweka simu kwenye spika tusikie sote. Watu wa kanisa tumejaa sebuleni, sahani mapajani.

Sasa Velma, si unamjua, amefanya kazi Kanada miaka sita. Akaisogelea simu, sauti laini kabisa: "Mwanangu, umesafiri masaa mangapi?"

"Saba, anti. Nimechoka!"

Saba! Kanada!

"Mimi nilimaliza siku nzima, na ndege nikabadilisha mara mbili. Wewe umerushwa kwa manati?"

Hata kabla Menza hajajibu, nyuma yake mtu anaita: "Madafu! Madafu baridi!"

Haki ya Mungu nilicheka mpaka pilau ikanitoka puani. Sebule nzima ilicheka, na pasta naye.

Mama Menza peke yake hakucheka. Kiwanja chake cha Kwale amekiuza kwa ajili ya hiyo safari. Na bado anamtetea: "Ndege za siku hizi zina kasi."

Velma akafunua sufuria, akachungulia. "Basi mwambie arudi ale, Mama Menza. Pilau ya kumuaga bado ina moto."