Jino ndani ya pamba

Jumanne, kambi ya Kanyaruchinya

Si jino langu, hilo nina hakika. Langu lilikuwa gego lenye tundu jeusi. Muuguzi wa kambi aliling'oa leo, akalifunga ndani ya pamba akanipa, kwa maana anajua naweka meno yangu yote kwenye kopo, nizikwe nayo nyumbani kwetu, Kiwanja.

Nilipofungua pamba hapa hemani, nilikuta jino la utoto, dogo kama punje ya muhindi, lenye damu mbichi.

Nilirudi kwake, shavu bado limekufa ganzi.

"Papa, leo sijang'oa mutoto hata mumoja, ni wazee tu," alisema. "Ao umeanza kuota mapya?"

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mimi sikuweza.

Siku tuliyokimbia vita kule Kiwanja, jino la mbele la binti yetu Kavira lilikuwa linalegea. Nilimwahidi kwamba likitoka tutalirusha juu ya paa letu la mabati, ili lingine liote zuri. Tulipotezana naye njiani. Alikuwa na miaka sita. Miaka yote hii mama yake anataka tumsomee misa ya marehemu, nami nakataa.

Jioni, kabla ya giza, nililirusha lile jino juu ya hema. Hapa mahema yote ni ya plastiki. Lakini nililisikia likigonga bati, likabiringika, likanyamaza.

Nilidhani ni masikio ya uzee. Ndipo mke wangu, aliyekuwa anakoroga uji, akainua kichwa.

"Muzee, ni nani anatupa mawe ku mabati yetu?"

Habari ya misa hakuitaja leo.