Mota Iliyomfanya Bi Turan Afunge Mizigo

Mpendwa Bi Golnar, kabla hujanicheka naomba unisaidie, maana mke wangu ameshanicheka vya kutosha na jirani yetu anahama Alhamisi.

Jengo letu hapa Hamadan lina familia nne, na mwaka huu zamu ya umeneja wa jengo imeniangukia mimi, kazi ambayo wenzangu wote waliikimbia kwenye kikao, sasa tangu theluji ya kwanza mota ya pampu ya boila inayopasha jengo joto, kule kwenye chumba cha chini ya ardhi, inapiga kelele, mwanzoni ilinguruma tu, halafu ikaanza kukwaruza kama mtu anayesaga kokoto, na juu yake kabisa anaishi Bi Turan, mjane, mwalimu mstaafu, ndiye aliyewafundisha wanangu wawili kusoma na kila Ijumaa hutuletea bakuli la supu nzito ya tambi na maharage, basi nikamkuta uani anafagia theluji, nikamuuliza, "Bi Turan, mota haikusumbui?" naye akasema, "Hata kidogo, mwanangu. Inanibembeleza. Msihangaike kwa ajili yangu."

Nikafurahi, nikaandika kwenye ubao wa mlangoni kwamba hakuna malalamiko, ila sikukaa bure, niliivika mota blanketi zito na ikatulia siku mbili, ya tatu ikaanza kunuka kuungua.

Jana mke wangu Mahrokh alishuka kurudisha bakuli akakuta zulia limekunjwa na kufungwa kamba, vyombo vimo kwenye makatoni, Bi Turan anakwenda kuishi kwa mwanawe, mji wa mbali wa Karaj. Akapanda kuniuliza, "Wewe Kiumars, ile habari ya mota ulimuuliza mara ngapi?" Nikasema mara moja. "Mara moja," akasema, akaingia jikoni anacheka, lakini baadaye nilimwona anafuta machozi. Nikashuka mwenyewe, na Bi Turan akaniambia, "Nimewakumbuka wajukuu tu, mwanangu. Mota yenu haina neno." Sasa nimwamini au nisimwamini? Watoto hawataki kusikia habari ya Karaj, na mimi sitaki aondoke.

Kiumars, Hamadan

*

Kaka Kiumars, wewe ni mzaliwa wa Hamadan au ulishuka na ndege juzi? Ukikaribishwa chai unapokea mara ya kwanza? Thubutu. Unakataa, unakataa tena, kisha unakunywa gilasi tatu. Sasa kwa nini ile "hata kidogo" ya kwanza ya mama wa watu umeipokea kama hukumu ya mahakama? Hiyo ilikuwa taarofu, bwana, adabu ya mdomoni. Mwanamke anayesema mota inambembeleza hajalala tangu theluji ya kwanza.

Nakupa pole, maana naona unampenda. Ila lile blanketi kalitoe leo hii, kabla hujamaliza barua yangu. Mota hupoa kwa hewa, na wewe umeiziba pumzi. Ungeunguza jengo zima ukaandika ubaoni kwamba hakuna malalamiko.

Kukwaruza namna hiyo mara nyingi ni beringi zimekwisha. Zima umeme, iache ipoe, kisha zungusha shafti, ule mhimili wa mota, kwa mkono. Ukiona inakwama au inachezacheza, ndizo hizo, na grisi haitaziokoa. Mwite fundi wa boila, fundi kweli, si binamu yako mwenye bisibisi. Abadilishe beringi, akaze bolti, na aweke raba nene chini ya miguu ya mota, kwa sababu nahisi imefungwa moja kwa moja kwenye saruji na mtetemo wote unapanda ukutani kwa Bi Turan. Ni kazi ya nusu siku. Iishe kabla ya Jumatano.

Fundi akishaondoka, usimuulize mama huyo chochote kuhusu kelele. Shuka na Mahrokh, ombeni chai, ukae chumbani kwake mota ikiwa inafanya kazi. Masikio yako hayajui taarofu, yatakwambia kweli.

Kisha umwambie wazi: "Bi Turan, nilikosa. Usihame." Atasema si kwa ajili ya mota. Mwambie tena. Atasema ameshampa mwanawe taarifa. Mwambie tena, na mwambie mnampenda, maana hilo nalo nadhani hujawahi kulisema. Hapo usimkatize. Atakalosema baada ya hapo ndilo lake la moyoni. Likiwa ni wajukuu kweli, mbebee makatoni hadi kwenye gari na uchukue anwani ya Karaj. Lakini akisema, "Haya, basi litandikeni hilo zulia," kateni kamba mlitandike pale pale, kabla hajakumbuka adabu zake.