Je, Ng'ombe wa Mama Wauzwe Ninunue Gari la Kuchajiwa?

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako kwa unyenyekevu, kwani mimi ni mhitimu wa shahada ya kilimo, nimeajiriwa na kampuni ya mbegu, na kila siku ya kazi husafiri kutoka chumba changu cha kupanga Yamumbi hadi kwa wakulima wa Chepsaita, takribani kilomita sabini kwenda na kurudi. Majuzi muuzaji mmoja wa magari alinipa kwa majaribio gari la haibridi, lenye injini ya petroli pamoja na betri inayochajiwa ukutani mithili ya simu, nami nikaliendesha hadi kwetu Kapseret, na Mshauri, sina maneno: liliingia bomani kimya, bila ngurumo wala moshi, likapita kando ya ng'ombe nao hawakuinua hata vichwa, na mama aliyekuwa akikamua akashtuka, "Chelimo, hii gari imekuja ama imeota hapa?" Hata mwenye nyumba wangu, Mzee Mabonga, ambaye ametukataza wapangaji kupiga pasi kwa kuwa mita ya umeme ni moja, alipoliona alivua kofia.

Nimekokotoa kwa makini: bei yake inaizidi ile ya gari la kawaida la petroli kwa shilingi laki nane, ila likichajiwa kila usiku litaniokolea elfu kumi na mbili kwa mwezi. Tatizo ni kwamba mama, kwa kuona nilivyopigwa na butwaa, ameamua kuuza ng'ombe wake wote wanne, walionisomesha, ili kujazia tofauti hiyo, na mnunuzi anakuja Jumamosi. Je, nikubali?

Wako mtiifu,
Chelimo, Yamumbi

Chelimo,

Barua yako imeandikwa vizuri hadi nikatamani kuitia alama. Kushangaa si kosa. Gari kama hilo liliwahi kunipita nisilisikie, nikabaki nimesimama kando ya barabara kama niliyepitwa na malaika.

Lakini binti yangu, utalichaji wapi? Mzee Mabonga alivua kofia, hakukupa soketi! Mahali pasi imekatazwa, betri ya gari itaruhusiwa na nani? Lisipochajiwa, litarudi kunywa petroli huku limebeba betri nzito, na akiba yako itayeyuka. Hata ukilichaji bila kukosa, laki nane itarudi baada ya miaka mitano na nusu, na tokeni za umeme sijaziona popote katika hesabu yako. Miaka yote hiyo mama atakamua nini?

Wewe humuuzia mkulima mbegu kabla ya kuuliza kuhusu udongo wake? Basi muuzaji alikufanyia hivyo hivyo, nawe msomi ukapiga hesabu aliyoitaka yeye.

Mpigie mama simu leo, si Ijumaa, amwambie mnunuzi asije. Kama kazi inadai gari, tafuta dogo la petroli linaloendana na mshahara wako. Siku utakayokuwa na mita yenye jina lako, kalitazame tena la haibridi.

Ng'ombe wale hawakuinua vichwa kwa sababu hawakuona hatari. Usiwafanye wawe wamekosea.